Watu Thelathini na Tisa Nyuma ya Bibi Gudrun

Huko Roseau, mji mkuu wa kisiwa chetu, wanasema kwamba mimi, Anselm Toulon, nilimkimbiza mwanamke wa Kijerumani kwa panga kutoka kijijini kwetu Fon Zabriko hadi nusu ya mlima. Si kweli. Panga lilikuwepo, mwanamke alikuwepo, na mbio zilikuwepo, hilo sikatai. Lakini vitu vitatu vikikutana njiani haimaanishi vimetoka nyumba moja.

Wakati ule nilikuwa nalala kwa dada yangu Philomène, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Mimi nilikuwa katika cha tano, yaani stoo. Nyumba yangu mwenyewe haikuwa na paa. Kile kimbunga kikubwa kililing'oa, likaenda zake, na wiki mbili baadaye mtu mmoja wa Guadeloupe, kisiwa cha jirani, akanipigia simu kunieleza kwamba limetua juu ya banda lake la nguruwe, limekaa sawasawa kama lililopimwa na fundi, na je, ningeweza kumtumia na mlango? Basi nikaanza kuhamahama. Kwa binamu yangu nilikaa miezi minne, akaniambia naongea sana. Kwa mtoto wangu wa ubatizo nilikaa mitatu, naye akaniambia hivyohivyo kwa maneno machache zaidi. Philomène alikuwa mlango wa mwisho. Baada ya Philomène kuna bahari.

Bibi Gudrun alifika Jumatatu. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, kofia ya rangi ya chungwa, filimbi shingoni, na mkoba ameuvaa kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga. Kwao alifanya kazi ya bima miaka thelathini, kazi ya kukadiria ni kitu gani kitamwangukia nani na lini. Popote alipokwenda alishika kijitabu chekundu cha usalama wa watalii. Philomène alipomkaribisha kwa kumkumbatia, alikifungua kwanza akasoma, ndipo akakumbatika.

Jumanne asubuhi dada alimwandalia maandazi, samaki wa chumvi na chai ya kakao. Bibi Gudrun akala vizuri, akafuta mdomo, akasema, "Leo naenda kwenye chemchemi ya maji moto, kule upande wa pili wa mlima. Kwa miguu. Nitarudi saa kumi."

"Vizuri sana," akasema Philomène. "Na nani?"

"Peke yangu."

Dada akaweka birika chini. "Peke yako na nani?"

"Peke yangu na mimi mwenyewe."

Mimi hapo nilikuwa nimeshasimama, nimevaa kofia, panga nimeshika. Bibi Gudrun akanitazama, akafungua kijitabu, akasoma kwa sauti: "Mtu usiyemwomba akijitolea kukuongoza, kataa kwa upole na uendelee kutembea." Akakifunga. "Bwana Anselm, nakataa kwa upole."

Akaendelea kutembea.

Dada alinivuta jikoni kwa mkono wa shati. "Mfuate."

"Amekataa, Philo. Umemsikia."

"Amekataa kuongozwa. Hajakataa kufuatwa. Mgeni wangu akatize kijiji peke yake kama mbuzi aliyekata kamba, watu waseme nini? Kwamba nimemfukuza? Kwamba chakula changu kimemshinda? Na yule Mswisi umemsahau?"

Nani angemsahau yule Mswisi? Alitoka peke yake kupiga picha ya maua, akapotea siku tatu. Tulipompata ng'ambo ya mto alikuwa ameshakuwa baba wa ubatizo wa watoto wawili na nahodha wa timu ya domino, na hakutaka kurudi. Mizigo yake ilikaa kwa Philomène mwaka mzima.

"Mfuate," akasema tena, "lakini asikuone, maana akikuona atakasirika. Na nisikilize vizuri, Anselm. Mama huyu akirudi na mkwaruzo, mmoja tu, chukua gunia lako la nguo ukaulize baharini kama kuna chumba."

Dada yangu hatanii. Alipokuwa na miaka tisa aliniambia nikigusa tena mwanasesere wake hatasema nami hadi Pasaka, na ilikuwa imebaki miezi kumi na moja. Nilisemeshwa Pasaka.

Basi nikatoka.

Kumfuata mtu bila kuonekana ni kazi ya kijana mwembamba. Mimi nilikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti niliyoachiwa na miaka thelathini na nne ya kufukua maporomoko barabarani: la kulia hulia kama mlango, la kushoto kama mlango wa jirani. Nilimwacha atangulie hatua hamsini, nikawa natoka mgomba huu naingia nyuma ya mgomba ule. Taabu ni kwamba mgomba ni mwembamba. Nikificha tumbo, mgongo uko nje. Nikificha mgongo, tumbo linachungulia barabara.

Kwenye kona ya kwanza Bibi Gudrun akageuka ghafla. Nikajifanya nakata mkungu. Mkungu haukuwepo. Nikakata hewa, mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayeijua kazi yake.

Akaongeza mwendo.

Sasa mtu wa mjini akiongeza mwendo kwenye barabara yetu, yenye mashimo ambayo mengine tumeyapa majina, atateguka mguu. Na mguu ukiteguka mimi sina pa kulala. Nikaongeza mwendo na mimi. Akaona nimeongeza, akaanza kukimbia. Nikamwonea huruma sana. Nikakimbia.

Na panga, wataniuliza? Jamani, nani kwetu hutoka bila panga? Padri analo. Mkunga analo.

Mbele kidogo gari la mikate la Norbert likatokea, likapiga honi, likasimama kando yake. Norbert ni mtu mwema. Kwetu gari likikuta mtu anatembea lazima lisimame. Dereva akipita tu, jioni mke wake atakuwa ameshaambiwa.

"Panda, madamu!" akamwambia. "Jua lote hili unalitembelea la nini?"

"Asante, hapana," akajibu Bibi Gudrun akihema. "Sipandi gari la mtu nisiyemjua."

"Mimi Norbert."

"Sikujui."

"Si ndiyo nimekwambia sasa hivi? Norbert. Mtoto wa Ferdinand wa darajani. Unataka unijue mpaka wapi?"

"Bwana, sikiliza. Kuna mtu ananifuata. Ana panga."

Norbert akatoa kichwa dirishani, akatazama nyuma, akaniona nusu yangu iliyokuwa nje ya mgomba. "Nani? Yule? Aa, madamu, yule Anselm!" Akapaza sauti. "Anselm! Ngazi yangu iko wapi, wewe? Toka Krismasi!"

Ningemjibuje? Nimeagizwa nisionekane. Nikaweka kidole mdomoni kumwonyesha anyamaze, na kidole kile kilikuwa cha mkono wenye panga.

Bibi Gudrun akapiga yowe dogo la Kijerumani, akakimbia.

Norbert hakunielewa, lakini moyo wake ni mzuri. Aliona mama wa watu ana hofu, akaamua kumsindikiza. Akaendesha gari polepole sana kando yake, dirisha wazi, akimtabasamia. Baadaye nilikuja kuonyeshwa ule ukurasa: kijitabu chekundu kilikuwa kimesema wazi kwamba ukiona gari linakwenda polepole kando yako na dereva anatabasamu, badili njia upesi. Hakuwa na njia ya kubadili. Upande mmoja mlima, upande mwingine bahari.

Kwa mbali akaona kibanda cha Ma Clothilde, anayeuza nazi na magimbi ya kuchemsha. Akakikimbilia kama mtu anayekimbilia kanisa.

"Mama! Nisaidie! Kuna mtu na panga, na kuna gari—"

Ma Clothilde aliendelea kupanga magimbi yake. "Habari za asubuhi," akasema.

"Mama, tafadhali, wananifuata—"

"Nimesema habari za asubuhi."

Hapa sina budi kumtetea Ma Clothilde. Kwetu hata nyumba ya mtu ikiungua, unabisha hodi, unamsalimia, unauliza hali ya magoti ya mama yake, ndipo unamwambia kuna moto. Bibi Gudrun ilibidi asimame, avute pumzi, amwambie habari za asubuhi, na aulizwe amelalaje. Alisema amelala vizuri. Muda wote huo mimi nimechuchumaa kwenye mtaro, na gari la Norbert linanguruma pale pale.

"Haya," akasema Ma Clothilde. "Nani anakufuata?"

Bibi Gudrun akanyoosha kidole mtaroni.

"Anselm Toulon! Toka humo!" Nikatoka. Ma Clothilde akaweka mikono kiunoni. "Huoni haya? Mzee mzima unamfukuza mwanamke wa watu asubuhi yote hii?"

"Simfukuzi, mama. Namsindikiza."

"Kusindikiza gani kwa kulala mtaroni? Marehemu mume wangu alinisindikiza miaka arobaini na sikumkuta mtaroni hata siku moja!"

"Wacha uongo," akasema Norbert kutoka garini. "Ile siku ya sikukuu ya mtakatifu Petro nilimtoa mimi mwenyewe."

Wakaanza kubishana juu ya marehemu. Bibi Gudrun akaona nafasi, akaondoka mbio. Ma Clothilde akakatiza marehemu katikati, akafunga kibanda, akachukua mwavuli. "Siwezi kumwacha na nyinyi wawili," akasema, akamfuata. Kwa hiyo sasa tulikuwa watatu.

Nyumba ya nne kutoka pale ni ya Konstebo Vaughn. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, anaosha gari lake, kavaa fulana yenye tundu na kaptura. Bibi Gudrun akapita anauliza kwa sauti iliyokauka, "Polisi? Polisi iko wapi?"

"Mimi hapa, madamu," akasema Vaughn, sponji mkononi.

Bibi Gudrun akamtazama kutoka tundu la fulana mpaka ndala. "Sare yako iko wapi?"

"Imeanikwa."

"Kitabu kinasema nimwamini polisi mwenye sare tu."

"Ile pale kwenye kamba. Unaiona? Ile suruali yenye mstari mwekundu. Ni mimi yule."

Hakumwamini. Akaenda. Vaughn ni kijana mwenye fahari na kazi yake, neno lile lilimchoma. Akaruka hadi kwenye kamba, akaivaa sare mbichi hivyohivyo, vifungo na kofia, akaungana nasi. Kila hatua alikuwa anasema chwa, chwa, chwa, na nyuma yake akiacha mstari wa maji kama konokono wa serikali.

"Simama, madamu!" akaita. "Nimeshavaa!"

Hebu jiweke wewe mahali pa Bibi Gudrun. Ulikuwa na mtu mmoja nyuma, mwenye panga. Umeomba msaada kwa mtu wa mikate, umepata gari. Umeomba msaada kwa mama muuza nazi, umepata mwavuli. Umeomba polisi, umepata mtu aliyelowa. Kila aliyemwambia "nisaidie" aligeuka kuwa mfuasi. Na kwetu watu wakiona watu wanamfuata mtu hawaulizi kwa nini, wanaogopa kuchelewa. Wakaingia wakata majani ya bei, yale yanayokamuliwa mafuta, waliokuwa wanapumzika. Wakaingia akina mama wa chama cha kanisa wakitoka kusali, na bendera yao. Mmoja akaanzisha wimbo. Bibi Gudrun akapuliza filimbi yake ya hatari, maskini, na kila alipopuliza wakatoka wengine majumbani. Nyuma kabisa alikuwepo mzee aliyeuliza kila mtu maiti ni nani.

Tulikuwa thelathini na tisa. Hesabu hiyo ni ya Philomène, kwa sababu baadaye ndiye aliyetafuta sahani.

Mpaka hapo sikuwa na wasiwasi. Alikuwa amechoka na amekasirika, lakini ngozi yake nzima. Nikawa nasema moyoni: Anselm, stoo ni yako.

Ndipo Bibi Gudrun akafungua ramani iliyo mwishoni mwa kijitabu, akaitazama, akatutazama, akaacha barabara, akaingia kwenye njia ya zamani ya mlimani.

 Njia ile naijua kama ninavyojua meno yangu, na vyote viwili havipo tena. Niliichonga mimi na wenzangu kumi na wawili. Kijitabu kilichapwa kabla ya kimbunga. Ramani ilionyesha njia inapanda, inazunguka bega la mlima, inashuka kwenye maji moto. Kweli inapanda. Kweli inaanza kuzunguka. Kisha, mahali ambapo bega la mlima liliteleza likaenda baharini, njia inaishia hewani, na majani yameota ukingoni yakaficha hata huo ukingo. Tulikuwa tumefunga kamba ya kuzuia watu. Kamba ilikuwa nzuri mno. Mtu aliichukua akafungia ng'ombe.

"Madamu! Rudi!" akapiga kelele Vaughn.

"Njia imekatika, mama!" Ma Clothilde.

"Rudi! Rudi!" watu wote, na mwenye bendera akiipunga.

Sasa wewe unakimbizwa na watu thelathini na tisa wanaopunga vitu, wanakwambia rudi kwetu. Utarudi? Bibi Gudrun alipanda kama mbuzi. Kofia ya chungwa ikawa inapotea majanini, inatokea juu zaidi. Vaughn akataka kumkimbilia amkamate. Nikamshika mkono wa sare, ukatoa maji.

"Ukimkimbilia ndiyo unamsukuma," nikamwambia. "Nyamazeni! Nyamazeni wote!"

Sijawahi kunyamaziwa na kijiji kile toka nizaliwe. Nadhani walishangaa kunisikia nasema neno moja.

Kwenye kazi ya maporomoko tulikuwa na kanuni aliyotufundisha mnyapara wetu wa kwanza. Ukiona udongo wa juu umeanza kupumua, usipige kelele. Ukipiga kelele watu wanasimama na kutazama juu wajue kuna nini, na wanaona kuna nini, na ndiyo mara ya mwisho kuona. Wewe unaweka sepeto begani, unageuka, unaondoka. Bila neno. Mtu wa pembeni akikuona umegeuka, anageuka. Wa pembeni yake anageuka. Genge zima linatoka bila mtu kuuliza swali. Waliobaki kuuliza, kwa miaka yangu yote, walikuwa wawili, na wote wawili walitoka na miguu ya kununua.

"Geukeni," nikasema. "Tunarudi. Msiseme neno, msitazame nyuma."

"Tumwache mgeni aende akafe?" Ma Clothilde akaninong'oneza, na macho yamemjaa maji. "Anselm, wewe una moyo gani?"

"Geuka, mama. Nakuomba."

Nadhani ni ile "nakuomba". Hakuwahi kuisikia kwangu. Akageuka, akakunja mwavuli. Mwenye bendera akageuka. Norbert, aliyekuwa ameacha gari chini, akageuka. Watu thelathini na tisa tukaanza kushuka kimya kimya, na chwa, chwa, chwa ya Vaughn ndiyo sauti pekee.

Nimeshanyanyua mawe makubwa maishani mwangu. Moja lilikuwa na mti juu yake na ndege ndani ya mti, nikaliweka chini bila ndege kuamka. Lakini halikuwa zito kama kuizuia ile shingo yangu isigeuke. Nilikuwa nasikiliza kwa kisogo. Nilikuwa nasubiri yowe, halafu kimya.

Tulishuka hatua ishirini. Hatua arobaini. Panga langu nalinoa kila Jumamosi hadi linang'aa kama kioo, nanyolea ndevu mbele yake. Nikaliinua polepole kama mtu anayefukuza nzi, nikalielekeza begani, nikatazama ndani ya bapa lake.

Majani matupu. Majani. Majani. Halafu kitu cha rangi ya chungwa.

Kilikuwa kinashuka.

"Anakuja," nikamwambia Ma Clothilde kwa pembe ya mdomo.

"Tusimame?"

"Ukisimama nakukana."

Tukaendelea. Nikatazama tena. Alikuwa anatufuata kwa hatua hamsini. Tukipunguza mwendo, anajificha nyuma ya mti. Tukienda, anatoka. Mwanamke mwembamba, alijificha vizuri kuliko mimi, nilimwonea wivu. Kwenye nyasi zile zenye makali ya wembe alipita amechutama, mkoba mbele. Hivyo ndivyo tulivyoingia Fon Zabriko: sisi mbele, kimya, kama watu wanaotoka kuzika, na Bibi Gudrun nyuma akituvizia.

Philomène alikuwa mlangoni. Alitazama ule msafara ukijaa uani kwake, akamtafuta mgeni, akamwona anachungulia kwenye kona ya tangi la maji.

"Karibu, mama," akamwita. "Umerudi mapema."

Bibi Gudrun akatoka, akajikung'uta, akaja moja kwa moja. "Huyu mtu," akaninyooshea kidole, "anaishi katika nyumba hii?"

"Ni kaka yangu."

"Ulijua kwamba ananifuata?"

Dada hasemi uongo. Sisi wawili tuligawana, uongo wote nilichukua mimi. "Nilimtuma," akasema. "Mgeni wangu hatembei peke yake. Ukianguka huko, nani atakayeniletea habari? Na usipoanguka, nani atakayesema tulikutunza?"

"Mngeniambia!"

"Tulikwambia. Ukatusomea kitabu."

Bibi Gudrun akamgeukia Vaughn, ambaye sare ilikuwa imeanza kumkauka upande mmoja. "Na njia ile?"

"Haipo, madamu. Ungepiga hatua kama hamsini zaidi ungekuwa unaogelea. Ni Anselm aliyesema tugeuke."

"Nilitaka kujua kwa nini mmegeuka," akasema Bibi Gudrun taratibu. "Watu wawili wakigeuka wamegombana. Watu kumi wakigeuka wana njaa. Lakini wote, pamoja na polisi, bila neno moja? Nimefanya kazi ya bima miaka thelathini. Nikajua hapo mbele hakuna kitu."

Watu wakapiga makofi. Nikavua kofia, nikainama. Na wakati nimeinama nikasikia sauti ya dada yangu, baridi kama maji ya mtungi.

"Na hii ni nini?"

Alikuwa ameshika mkono wa mgeni, ameugeuza juani. Chini ya kiwiko kulikuwa na mkwaruzo, mrefu kama njiti ya kiberiti, na tone moja la damu lililokauka.

Wote uani walijua, maana Philomène akinitisha husikika hadi darajani.

"Nilisema mmoja tu," akasema.

"Philo—"

"Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Gunia lako liko nyuma ya mlango wa stoo."

Sikubishana. Mtu akikaribia kulia habishani vizuri. Nikaenda nikalichukua, lilikuwa jepesi, na ndicho kilichoniuma. Ma Clothilde akasema Philomène, mwonee huruma. Norbert akasema hata ngazi amesamehe. Mwingine akasema sheria ni sheria. Wakagawanyika pande mbili, na kila upande ukipiga kelele kuliko mwenzake, mpaka filimbi ikalia.

Bibi Gudrun alikuwa amepanda juu ya kigoda. "Mkwaruzo ni wa nani?" akauliza.

"Wako, mama."

"Basi nitatoa uamuzi mimi. Hii ni kazi yangu. Bwana Anselm, niliupata wapi?"

Nikafikiri. "Kwenye zile nyasi za wembe. Wakati wa kushuka."

"Wakati huo nani alikuwa mbele?"

"Mimi."

"Na nani alikuwa nyuma?"

"Wewe, mama. Unanifuata."

"Sawa." Akamgeukia dada yangu. "Magari mawili yakigongana, la nyuma ndilo lenye makosa. Halikuacha nafasi ya kutosha. Ndivyo ilivyo kwetu, na nina hakika ndivyo ilivyo hapa. Konstebo?"

"Ndivyo ilivyo, madamu," akasema Vaughn, akasimama wima, akachuruzika.

"Alipokuwa nyuma yangu sikupata hata alama. Nilipokuwa nyuma yake nimejikwaruza. Kosa ni langu. Kaka yako hadaiwi kitu." Akashuka kigodani. "Na kesho nataka kwenda kwenye chemchemi kwa barabara, na atangulie yeye. Mahali ninapomwona."

Philomène alitazama mkwaruzo, akatazama gunia, akanitazama mimi, na nilijua anatafuta tundu katika ile hukumu, maana kama lipo yeye ndiye wa kuliona. Nyuma yake watu thelathini na nane walikuwa wameshaanza kukaa chini, kwenye ngazi, kwenye ukuta, juu ya boneti la gari la Norbert, alilolipitia barabarani tukirudi. Kwetu aliyemsindikiza mgeni hadi mlangoni haondoki na tumbo tupu.

"Weka hilo gunia," akasema hatimaye. "Kuna magimbi ndoo mbili nyuma ya nyumba. Huyu mama amekuokoa na bahari, hajakuokoa na jiko."

Nikamenya ndoo mbili, na ya tatu, na mashelisheli sita, mpaka vidole vikawasha hadi viwiko. Ma Clothilde alipita akaniambia namenya nene, naharibu chakula. Nikaendelea kumenya nene. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu la nguo, mlangoni pa stoo, na sikuona haja ya kuinuka.